Hewa ya Mirihi Ilitoroka na Nani?

Stanslaus, mtoto wa marehemu kaka yangu, ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kunyamaza akijua jambo. Mengine yote yuko sawa. Hanywi, hapigi mtu, anafundisha fizikia Bunda na wanafunzi wake wanafaulu. Lakini mpe upenyo mdogo, hata wa kumeza mate, atakuingizia sayari. Umemwomba akusogezee chumvi, anakuambia hata Mirihi kuna chumvi. Umelalamika joto, anakueleza joto la Zuhura. Nimemlea tangu ana kimo cha ndoo, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Ndiyo maana asubuhi ile, kabla hatujatoka kwangu Kigera, nilimsimamisha mlangoni nikampa masharti.

"Tukifika kwa mzee Mugeta utasalimia, utakaa, utanyamaza. Nitaongea mimi. Na usije ukamwita baba mkwe. Kwa sasa wewe kwake ni mwizi mwenye shahada."

"Sawa, shangazi."

"Na habari za sayari?"

"Sitagusa."

"Hata mwezi?"

"Hata mwezi, shangazi."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Robi, binti wa mzee Mugeta wa Butiama, alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa za mifugo pale Bunda. Stanslaus, ambaye hana hata kuku, akaanza kupita dukani kila jioni kuulizia dawa ya kupe. Nadhani umeshaelewa. Walipotaka kuoana mzee alikataa hata kuwasikiliza. Alisema binti yake haolewi na watu wa ziwani, wasio na zizi na wanaonuka samaki. Hayo aliyasema mtu anayelala ukuta mmoja na ndama. Robi hakubishana. Alifungasha nguo zake akahamia kwa Stanslaus, na kwetu huku Mara mambo ya namna hiyo yana neno lake: ametoroka. Ukilitamka neno hilo mbele ya baba wa binti, hata kama unamzungumzia mbuzi, umejitafutia ugomvi.

Tangu hapo mzee hakumsemesha. Robi akipiga simu haipokelewi, akituma salamu kwa watu zinaishia njiani. Sasa alikuwa mjamzito, siku zimekaribia, na alitaka kitu kimoja: baba yake ampe mtoto jina. Siku moja tulikuwa tunachambua dagaa uani kwangu, akaweka ungo chini.

"Shangazi, mama yangu hayupo," akaniambia. "Baba asiponifungulia lango, huyu mtoto atapewa jina na nani? Stanslaus ameshaniletea majina ya sayari."

Akalia. Nampenda yule binti, niseme wazi, na sikuweza kuendelea na wale dagaa. Nikamwambia tutakwenda.

Tulikwenda wanne. Mimi, Stanslaus, Robi mwenyewe, na kaka yangu mkubwa Baltazari, ambaye kazi yake ilikuwa kuvaa koti. Jambo la posa haliwezi kwenda bila mwanaume mtu mzima mwenye koti, hata kama anayejua kuongea ni dada yake. Tulikodi gari aina ya Probox mpaka Butiama, na Robi tukamwacha pale sentani, penye maduka, kwa mama mmoja muuza chai, maana binti wa namna yake haingii kwao mpaka wakubwa wamalize. Alikaa kwenye benchi, viatu amevivua, miguu imemvimba kama maandazi. Alinishika tu mkono kidogo, akauachia.

Langoni kwa mzee Mugeta tulikuta beseni.

Lilikuwa beseni pana, limejaa dawa nyeupe yenye harufu ya wodini. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia kwa ng'ombe wa majirani, na mzee hakutaka mzaha. Kila anayeingia, awe mtu, mbwa au baiskeli, anapita kwenye dawa kwanza. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya lango, fimbo magotini, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Tulimwamkia, akaitikia kwa sauti ya mtu asiyekaribisha.

"Karibuni. Ingizeni miguu kwenye dawa, na viatu vyake. Huku kwangu mgeni haingiagi hivi hivi."

Baltazari alikuwa ameng'arisha viatu vyake tangu jana. Alinitazama, nikamtazama. Akaingia beseni kwa uchungu, akatokea upande wa pili na viatu vya rangi ambayo hakuna duka linauza. Nikafuata mimi na kandambili zangu. Kifurushi nilichobeba kilizuiwa kabisa.

"Hiyo nini?"

"Zawadi, mzee. Sato wa kubanika."

"Itundike hapo kwenye nguzo. Sijui imetoka kwa nani."

"Imetoka ziwani."

"Ndiyo nasema," akajibu.

Nikaitundika. Nilikuwa na la kumjibu, na lilikuwa zuri, lakini nikamkumbuka Robi kwenye benchi nikalimeza.

Sasa ikabaki zamu ya Stanslaus. Aliingia beseni mguu mmoja, akaingiza wa pili, kisha akasimama humo humo, anaitazama ile dawa na tabasamu limemjaa usoni. Nilijua. Moyo wangu ulijua kabla hajafungua mdomo.

"Shangazi," akasema, "hivi hivi ndivyo wanavyofanya kwa vyombo vya kwenda Mirihi."

"Stanslaus, toka kwenye beseni."

"Vyombo gani?" akauliza mzee.

"Vya angani, mzee. Vinavyokwenda kwenye sayari ya Mirihi, ile inayoonekana nyekundu. Kabla havijaondoka vinapanguswa kwa dawa, vipande vingine vinaokwa kwenye joto kali, ili visibebe vijidudu vya kwetu kuvipeleka kule."

Mzee akaegemea mbele. "Kwani kule kuna ng'ombe?"

"Hakuna, mzee. Lakini wanatafuta kama kuna vijidudu vya kule kule, au kama viliwahi kuwepo. Sasa ukienda na vya kwako, unaweza kuvikuta huko mbele ukapiga kelele kwamba umegundua uhai. Kumbe umejigundua mwenyewe."

Kitu kikatikisika kwenye mabega ya mzee. Nilichelewa kutambua kuwa ni kicheko.

"Na wakirudi?"

"Udongo wa kule ukiletwa, mpango ni ufungiwe kwanza, uchunguzwe, usije ukawa na kitu cha kutudhuru."

"Karantini."

"Karantini, mzee."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waridhike."

"Hao wamesoma kweli," akasema mzee. "Mimi nikinunua dume mnadani Bunda, linalalaga kule nje peke yake mpaka niridhike. Majirani wanancheka. Sasa ng'ombe zao ziko wapi? Zinatoka mapovu." Akamwonyesha Stanslaus kiti. "Toka huko kwenye maji, mwalimu. Kaa."

Mwalimu. Alimpa kiti yeye kabla yangu mimi niliyemlea, na kabla ya Baltazari na koti lake. Sikuona wivu. Nilifurahi sana, nikaanza kupanga maneno yangu: kwanza nitashukuru kwa mapokezi, kisha nitaomba radhi, kisha nitataja ujauzito polepole, mwisho kabisa nitasema Robi yuko karibu. Ningepewa muda wa kukohoa tu, ningeanza.

"Sasa huko Mirihi," mzee akauliza, "watu hawaishi kwa nini? Ardhi si ipo?"

"Ardhi ipo, mzee. Hewa ndiyo tatizo. Zamani ilikuwa nayo, nzito, na maji yalikuwa yanatiririka juu ya ardhi. Halafu hewa ikatoroka."

Baltazari akafumba macho. Hata yule ndama aliyekuwa akilia nyuma ya nyumba nadhani alinyamaza.

Nilimkanyaga Stanslaus kwenye kiatu chake kilicholowa. Akanitazama, akatikisa kichwa kama aliyeelewa, na kumbe alielewa kwamba namtaka afafanue zaidi.

"Ilitoroka na nani?" mzee akauliza taratibu.

"Na upepo wa jua, mzee. Jua lina upepo wake, unapuliza wakati wote. Huo ndio ulioitorosha."

Basi. Aliyetoroka ametajwa, aliyemtorosha ametajwa, ilibaki kuuliza ng'ombe wa mahari wako wapi.

"Usiku?"

"Mchana na usiku, mzee. Kidogo kidogo. Hata leo hii iliyobaki bado inatoroka."

"Hata leo," mzee akarudia. "Huyo mwizi haridhikagi."

"Mzee," nikaingilia, "sisi tulikuja na jambo dogo..."

"Subiri, mama. Mimi naongea na mwalimu." Fimbo ilikuwa imehama kutoka magotini ikaingia mkononi. "Na hiyo Mirihi mwenyewe alikuwa wapi? Alilala?"

"Alikuwepo. Ila ni ndogo, mzee. Haina uzito wa kutosha kushikilia."

"Ndogo."

"Ukilinganisha na Dunia, ndiyo."

Nilitamani yule mwalimu aliyemfundisha huyu mwalimu angekuwa karibu nimwulize alikuwa anafikiria nini. Nilimtazama mzee nikaona shingo yake imesimama ndani ya kile kifungo. Mimi si mwoga, lakini nilianza kupima kwa macho umbali wa kutoka kiti changu mpaka lango.

"Dunia nayo mbona haijatorokwa?" akauliza. "Si jua ni lile lile?"

"Hilo ni swali zuri sana, mzee," akasema Stanslaus, na maskini alimaanisha. "Dunia ni kubwa zaidi, halafu ina ngao. Tumboni mwake kabisa kuna chuma kilichoyeyuka, kinachemka, kinajizungusha. Kule kuchemka kunatengeneza ngao isiyoonekana kuzunguka Dunia nzima, na upepo wa jua mwingi ukija unapishwa pembeni. Mirihi nayo ilikuwa nayo ngao hiyo. Lakini tumbo lake likapoa. Likaacha kuchemka, ngao ikafa. Ndipo hewa ikaanza kuondoka."

"Kumbe ilipoa kwanza."

"Ndiyo, mzee."

"Kabla huo upepo haujaja."

"Upepo ulikuwepo siku zote. Ila ulikuwa haupati nafasi kubwa."

Mzee Mugeta aligeuza uso. Alikuwa anatazama upande wa pili wa uwanja, kwenye jiko la nje lililofungwa mlango kwa kamba. Hapakuwa na moshi wala sufuria iliyoanikwa. Mama yake Robi, Selestina, ndiye aliyekuwa akipika pale, na baada ya kifo chake alipika Robi, kila aliporudi kutoka dukani. Sasa mzee alikuwa na kijiko na sahani moja ya bati juu ya ndoo, karibu na kigoda.

"Humu kulipoa siku namzika Selestina," akasema. Alikuwa haongei na sisi hasa. "Nilikuwaga siongei. Naamka, nachunga, nalala. Yule binti anapika, anaweka, anakuja kutoa sahani iko vile vile. Anasema, baba. Mimi kimya. Hata hao ng'ombe nilikuwa nawasemesha, yeye hapana. Halafu nikasema ameibiwa."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kushindana, na ghafla hayakuwa na kazi. Nilimwonea huruma yule mzee. Kumwonea huruma mtu aliyekutundikisha sato wako kwenye nguzo si jambo jepesi.

Akamgeukia Stanslaus. "Nikuulize la mwisho, mwalimu. Hiyo hewa ikishatoroka. Inarudiga?"

Mungu ananijua, niliomba mtoto yule adanganye. Mara moja tu, kwa faida ya ukoo. Nikamtazama, na nikaona usoni mwake kwamba sasa ndiyo ameelewa. Mazungumzo yote, tangu beseni mpaka hapo, yalikuwa yanapita kichwani mwake kwa mara ya pili, na jasho likamtoka.

"Hairudi, mzee," akasema kwa sauti ndogo. "Ikishaondoka imeondoka. Samahani. Siwezi kukudanganya."

Mzee akatikisa kichwa polepole, akasimama, akaelekea ndani ya nyumba. Nilijua akiingia mle na mlango ukafungwa, tumekwisha. Robi atajifungua kwa watu, na mtoto ataitwa Zuhali.

Ndipo hasira yangu, niliyoizuia tangu beseni, ikapata njia.

"Mzee Mugeta, hebu simama hapo hapo. Hewa hairudi kwa sababu haina miguu. Robi anayo. Anayo, imevimba, viatu havimwingii, na yuko hapo sentani kwa muuza chai anasubiri mmalize habari zenu za Mirihi. Yeye anataka kurudi. Tangu aondoke anataka kurudi. Lango umelifunga wewe."

Alisimama, ametugeuzia mgongo.

"Imevimba?"

"Imevimba."

"Imevimba kwa nini?"

Nilimtazama Baltazari, naye akatazama koti lake. Hata Stanslaus, mwenye maelezo ya kila kitu chini ya jua na juu yake, alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee akageuka, akamwangalia yeye, akaniangalia mimi.

"Atajifungua lini?"

"Mwezi huu hauishi," nikasema.

Alitupita kwa hatua za haraka ambazo sikuzitegemea kwa mtu wa umri wake, akaenda langoni. Nilidhani anatufungulia njia ya kuondoka. Badala yake aliinama, akalishika beseni kwa mikono miwili, akaimwaga dawa yote nje kwenye majani, akaligeuza kifudifudi.

"Hii ni kali," akasema. "Mwenye mimba asikanyage. Wewe mwenye koti, nenda na gari mkamlete. Mwambie dereva pale kwenye korongo apite taratibu."

Na hivyo Baltazari akapata kazi. Aliondoka na lile koti kwa haraka mpaka nikamwonea fahari. Mzee alienda kwenye jiko la nje, akahangaika na ile kamba, akashindwa kuifungua, akaikata kwa panga. Alipotoka alikuwa na mavumbi kichwani na kigoda cha kike mkononi, akakipangusa kwa shati lake alilokuwa amevaa.

Probox iliporudi, Robi alishuka viatu vikiwa mkononi. Stanslaus alitoka nje kumpokea, wakaja pamoja mpaka langoni. Hapo Robi akasimama. Alikuwa anatafuta beseni. Macho yake yakaliona limefunikwa chini, akamtazama baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Pita."

"Dawa iko wapi? Mimi nauza duka, baba, wafugaji wote wanapitaga kwangu. Nitakuletea ugonjwa."

"Wewe ni wa zizi hili," akasema mzee. "Vijidudu vyako navijua. Pita, mama."

Robi akapita. Alianza kulia kabla mguu wa pili haujaingia, na mzee akampokea viatu, akavishika kifuani akiwa hajui avipeleke wapi. Mimi nililia pia. Nasema wazi kwa sababu Baltazari anapita Kigera nzima akisema nililia, bora mkasikia kwangu.

Stanslaus naye akainua mguu aingie. Fimbo ikamzuia tumboni.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Nilishakanyaga dawa, mzee."

"Umetoka nje tena. Wa nje ni wa nje. Uko karantini."

"Mpaka lini, baba mkwe?"

Nilifunga macho. Lakini mzee hakukasirika na jina hilo. Alilitafuna kidogo, ndipo akajibu.

"Mpaka niridhike."

Kisha akanyoosha mkono kwenye nguzo, akatungua kifurushi changu, akakinusa, akanikabidhi. "Mama, jiko liko wazi. Hao samaki watafaa?"

"Watafaa sana," nikasema, na sato wangu wakaingia ndani kabla ya mwenye shahada.

Nikawasha moto. Robi alikaa kwenye kile kigoda cha mama yake, miguu ameinyoosha, na mzee akakaa chini kwenye kizingiti. Kwa muda mrefu walizungumzia ng'ombe tu, yupi kazaa, yupi kauzwa. Baadaye Robi akamwuliza kuhusu jina, kwa sauti ya chini.

"Akiwa wa kike ni Selestina," mzee akasema. Alikuwa na jibu tayari.

"Na akiwa wa kiume?"

Mzee akachungulia nje. Kule langoni Stanslaus alikuwa amemsimamisha dereva wa Probox, anamwonyesha kitu juu angani, na jua lilikuwa bado linawaka.

"Wa kiume nitafikiria," akasema. "Ila haitwi Mirihi."